Milioni nne na bunduki ya kwanza ya kuwindia: anza na makaratasi, kisha risasi, mtutu baadaye

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nipo Nanyumbu, nina ekari sita za mikorosho na karanga kidogo. Marehemu baba alikuwa na gobore, tukalisalimisha polisi. Korosho nimeuza, nimetenga milioni 4 ninunue bunduki yangu ya kwanza, kihalali. Nataka kitoweo msimu wa uwindaji ukifunguliwa, na pia nguruwe pori wananimalizia karanga. Jamaa mmoja Masasi ana .458, anasema inaangusha hadi tembo, ananipa kwa bei ya kutupa, makaratasi tutamalizana baadaye. Familia ya mzee mmoja aliyefariki wana BRNO .30-06 ya zamani, kitako kimechakaa. Shemeji anasema nichukue bunduki ya marisau tu, au .375 ambayo inafanya kazi zote. Wengine wanasema bila darubini ni kazi bure. Nichukue ipi?"*

Ndugu yangu, umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo matatu: bunduki ipi, nguruwe tuwafanyeje, na makaratasi yaje lini. Naanza na la mwisho, maana hilo ndilo linaloweza kukupeleka gerezani kabla hujafyatua risasi hata moja.

"Makaratasi tutamalizana baadaye" haipo. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kosa linaanza pale unapokuwa na silaha ambayo leseni yake si yako, hata kama umeiweka uvunguni usiku mmoja ukisubiri kesho uende kituoni. Maombi yanaanzia serikali ya kijiji, yanapita kata, yanafika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kisha polisi wilaya na mkoa. Hatua hizo zina sababu: watu wanaokujua wanaulizwa kama wewe ni mtu wa kupewa bunduki. Zinachukua muda, kwa hiyo anza sasa huku fedha ikiwa bado benki. Usitoe hata kishika uchumba kwa mtu yeyote kabla OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) hajakuambia hatua inayofuata ni kutafuta silaha.

Na hiyo .458 ya Masasi iache ilipo. Ni kaliba (yaani kipimo cha mtutu na risasi yake) ya askari wa wanyamapori na ya majangili wa tembo. Ikiuzwa kwa bei ya kutupa bila karatasi, namba yake ya usajili inaweza kuwa imeandikwa kwenye jalada la kesi mahali fulani. Wewe unaishi wilaya yenye Pori la Akiba Lukwika-Lumesule, na Mto Ruvuma uko pale, ng'ambo yake ni Msumbiji. Ukikutwa na silaha hiyo huko, nani atakuamini kwamba ulikuwa unatafuta nsya?

BRNO ya marehemu nayo ina utaratibu wake. Leseni ya silaha hairithiwi kama shamba la mikorosho. Mwenye leseni akifariki, familia inatakiwa kutoa taarifa na kuikabidhi polisi, kisha uhamisho unafanyika kupitia hapo hapo. Waulize kwa upole: leseni ya mzee iko wapi, na bunduki iko wapi sasa hivi? Wakijibu kwamba iko polisi, hiyo ni dalili njema. Wakijibu "ipo tu ndani", wasaidie kuipeleka kituoni kwanza, mazungumzo ya bei yaje baada ya hapo.

Kumbuka pia kwamba leseni ya silaha ya polisi haikupi ruhusa ya kuwinda. Leseni ya uwindaji ni karatasi nyingine, inatoka upande wa wanyamapori, na inataja mnyama gani, wangapi na eneo gani. Afisa wanyamapori wa wilaya na ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) ndio watakaokuambia mwaka huu wenyeji wameruhusiwa nini na wapi. Muulize kabla hujanunua, kwa sababu orodha hiyo ndiyo inayoamua kaliba unayohitaji.

Sasa nguruwe. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Nguruwe pori ni mnyama wa usiku. Anaingia kwenye karanga saa nne, saa tano, anafukua hadi karibu na alfajiri, mchana amelala kwenye kichaka kizito. Kuwinda usiku kumekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kuwamulika kwa tochi ili uwapige ni hivyo hivyo. Ukiacha sheria, risasi ya raifo iliyofyatuliwa gizani shambani inaweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu, na jirani yako naye amelala kwenye kibanda akilinda karanga zake. Kwa hiyo ukinunua bunduki kwa ajili ya nguruwe, utakuwa umenunua kitu ambacho huruhusiwi kukitumia saa ambazo nguruwe wanakuja. Karanga zako zitaokolewa na uzio wa miti uliobanwa chini kabisa (nguruwe huingiza pua na kunyanyua, haruki), kusafisha kichaka cha mita 20 au 30 kuzunguka shamba ili wasiwe na maficho, zamu za kulinda kwa makopo na moto karanga zinapokomaa, na taarifa kwa afisa wanyamapori ili askari waje. Mnyama anayeuawa kwa kulinda maisha au mali hutolewa taarifa, na nyama na pembe zake ni nyara za Serikali. Si kitoweo chako.

Kilichobaki basi ni kitoweo cha msimu, na hapo swali lako linakuwa rahisi zaidi kuliko ulivyodhani. Wanyama utakaokutana nao kwenye miombo ya huku, kama leseni itawataja, ni nsya wa kilo 15 hadi 20, pongo na swala pala wa kilo 40 hadi 60, pengine kongoni. Nyati na pofu waache kwanza. Na umbali? Miombo si mbuga ya Serengeti. Mara nyingi mnyama utamwona akiwa mita 40, 60, mara chache 100, kati ya shina na shina, na kijani kikiwa kizito humwoni kabisa mpaka aruke.

Hebu tuelewe risasi inaua vipi, maana hapo ndipo shemeji na jamaa wa Masasi wanapopotea. Watu wanafikiri risasi inamwangusha mnyama kwa kumsukuma. Haiwezi. Kama ingekuwa na nguvu ya kumrusha mnyama wa kilo 60, nawe mpigaji ungerushwa nyuma vivyo hivyo, kwa sababu msukumo unaokupiga begani haupungui kuliko ule uliobebwa na risasi. Risasi inaua kwa kutoboa. Ikipita kwenye mapafu na moyo, damu inatoka, presha inashuka, ubongo unakosa hewa, na mnyama anaanguka baada ya kukimbia mita 20 hadi 100. Kichwa laini cha risasi kikigonga nyama kinachanua kama uyoga, karibu mara mbili ya upana wake wa mwanzo, na tundu linakuwa pana. Vinavyohitajika ni viwili: iwe na kasi ya kutosha kuchanua, na uzito wa kutosha kuendelea kupenya hadi mapafu yote mawili. Ukishavipata hivyo, nguvu ya ziada haiongezi kitoweo, inaongeza nyama iliyoharibika na maumivu ya bega.

Tuipime kwa namba. Risasi ya .308 yenye kichwa cha gramu 9.7 inatoka kwa takriban mita 860 kwa sekunde. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni kama jouli 3,600. Kwa pala hiyo ni zaidi ya kutosha. .30-06 iko juu kidogo tu. .375 H&H, kaliba iliyotengenezwa mwaka 1912 na ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika kwa nyati na wenzake, ina karibu jouli 5,700. Lakini tazama upande wa bega: katika bunduki za uzito wa kawaida, teke la .375 ni zaidi ya mara mbili ya teke la .308, na la .458 ni zaidi ya mara tatu. Mtu mpya akishapigwa teke la namna hiyo mara tano, mwili wake unajifunza. Kabla hajafyatua, jicho linafumba, bega linajikaza, mkono unausukuma mtutu chini. Mwenyewe hajui. Risasi inapita chini ya mnyama au, mbaya zaidi, inavunja mguu au kupasua tumbo, na mnyama anaondoka kwenda kufa mahali usipopajua. Ugonjwa huu ukishakuingia, kuutoa kunakula risasi nyingi kuliko zile ulizookoa kwenye bei ya kutupa.

Shemeji yako hakosei anaposema .375 inafanya kazi zote. Inafanya. Ni kaliba nzuri sana kwa mtu mwenye bunduki moja, fedha za risasi na miaka kadhaa ya kupiga. Wewe una bunduki moja na milioni 4. Risasi zake ni ghali, na anayepiga risasi sita kwa mwaka kwa sababu ya bei hana silaha ya kazi zote, ana pambo.

Bunduki ya marisau, ile ya kuvunja katikati na kutia risasi moja, ina nafasi yake. Ni nyepesi, haina mambo mengi ya kuharibika, na kama leseni yako itakuwa ya kanga na kwale, hiyo ndiyo ya kununua na mjadala umeisha. Chagua namba 12, usichukue namba 16 hata ukibembelezwa, maana risasi za 16 ni za kutafuta kwa taa. Tatizo lake ni kwa wanyama wa miguu minne. Marisau, zile punje ndogo za risasi, yanatawanyika, yakifika mita 40 yanakuwa yameachana kiasi kwamba pala anapata mawili tumboni na moja mguuni, anaondoka nayo. Nami nasema wazi: mtu anayemmiminia pala marisau akitegemea bahati hajawinda, amejeruhi. Kuna pia ile ya .22, ambayo hukuitaja lakini utaletewa. Bei nafuu, risasi nafuu, kelele ndogo. Kwa pala haitoshi kabisa, na kelele ndogo ndiyo sababu majangili wanaipenda. Iache.

Kwa hiyo unachotafuta ni raifo ya bolti (komeo unalolivuta kwa mkono kuingiza kila risasi), kaliba ya kati, iliyotumika lakini nzima. Ya kujipakia yenyewe usiifikirie, kwenye uwindaji haikubaliki. .30-06, .308, 7x57, .270, hata .303 ya zamani: zote zinaua pala sawasawa, na mnyama hatajua tofauti. Tofauti iko dukani. Kabla hujachagua mtutu, nenda au mpigie mwenye duka la silaha lenye leseni, muulize maswali mawili: leo mna risasi gani, na ipi hamkuwahi kukosa kwa mwaka mzima uliopita? Jibu la swali la pili ndilo kaliba yako. Bunduki nzuri ya Kijerumani yenye kaliba ambayo risasi zake huletwa kwa oda ni rungu la bei mbaya.

Ikiwa .30-06 inapatikana, basi BRNO ya yule mzee, kitako kibovu na yote, inastahili kuangaliwa kwa makini. Bunduki hizi zilitengenezwa Uherský Brod, Chekoslovakia ya zamani, na zile za aina ya ZKK 600 zina bolti ya mtindo wa Mauser: kucha ndefu pembeni inaishika risasi tangu inapotoka magazini na haiiachi mpaka ganda litupwe nje. Chuma chake ni cha kudumu kuliko mwenye nayo. Kitako kikichakaa rangi si neno, kikipasuka ni habari nyingine. Zastava ya Serbia na Parker-Hale ya Uingereza zina mfumo wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo ukikuta moja wapo, ukaguzi huu unafaa pia.

Ukaguzi ufanyike kituoni au dukani, mbele ya anayehusika. Kwanza kabisa hakikisha haina kitu: vuta bolti nyuma, tazama chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), kisha ingiza kidole kidogo uguse, maana macho hudanganya. Linganisha namba ya mtutu na ya mwili wa bunduki na zile zilizo kwenye leseni. Tazama na namba ya bolti. Bolti ya bunduki nyingine ikiwekwa humo inaweza kuingia vizuri kabisa lakini isifunge kwa kipimo kinachotakiwa.

Toa bolti, uelekeze mtutu kwenye anga nyeupe na utazame kutokea upande wa chemba. Usitazame kabla haujasafishwa, kwa sababu mtutu mchafu unaweza kuficha kutu, na mafuta mengi yaliyopakwa asubuhi ya kukuuzia yanaufanya mtutu mbovu ung'ae. Pitisha kitambaa kikavu mara tatu nne. Mifuo inayozunguka inatakiwa ionekane na kingo zake. Weusi hafifu kwenye mifuo si tatizo kubwa, mitutu mingi ya zamani yenye weusi inapiga vizuri tu. Vishimo vinavyoonekana kama ngozi ya ndui, hasa karibu na chemba, ni tatizo. Na ukiona pete nyeusi imezunguka mahali pamoja, pitisha kitambaa kilichobana polepole. Kikifika hapo kikalegea ghafla kisha kikabana tena, mtutu umevimba. Kuna siku ulifyatuliwa ukiwa na tope au kitambaa ndani. Hapo shukuru, funga mazungumzo, ondoka.

Angalia mdomo wa mtutu. Hapo ndipo mkono wa mwisho wa bunduki unapoiaga risasi, na pengo dogo upande mmoja linaitupa risasi pembeni kila mara. Zungusha pamba ya masikioni kwenye ukingo. Nyuzi zikinasa, kuna pengo. Habari njema ni kwamba fundi anaweza kukata upya mdomo kwa kazi ndogo, kwa hiyo hiyo ni hoja ya kupunguza bei, si ya kukataa.

Sefti, yaani kifungo cha usalama, ijaribu bunduki ikiwa tupu. Ifunge, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha fungua sefti bila kugusa triga. Ukisikia *ta!* wakati wa kufungua, hiyo bunduki inaua watu. Halafu funga bolti kwa nguvu mara kumi na uone kama inajifyatua yenyewe. Na hapa kuna jambo la BRNO ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua: baadhi ya zile za zamani sefti yake inakwenda kinyume cha bunduki nyingi. Kuisukuma mbele ni kufunga, kuirudisha nyuma ni kufungua. Mtu aliyezoea nyingine anaamini amefunga kumbe amefungua. Nyingi pia zina triga ya hatua mbili: ukiisukuma mbele kwa kidole gumba inajitega, na baada ya hapo kuigusa tu inafyatuka. Kwenye kichaka usiitumie kabisa.

Kitako kitoe kwenye mwanga na utazame nyuma ya bolti, pale kinapoanza kuwa chembamba, na ndani nyuma ya kile kinundu cha chuma kinachopokea teke. Nyufa hukaa huko. Ufa mwembamba unagundishwa na fundi kwa gundi ya epoksi na kipini, unadumu. Mbao zilizolainika kwa miaka ya kulowa mafuta hazigundiki. Na huku kwetu naongeza onyo lisilopatikana kwenye vitabu: kitako kisipakwe mafuta ya ganda la korosho. Ni kweli yanalinda nguzo dhidi ya mchwa, lakini yanababua ngozi, na kitako unakiegemeza shavu.

Kitu kimoja huwezi kukikagua kwa macho, nacho ni nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi iliyomo chemba. Ikizidi kidogo tu, ganda linavutika linapofyatuliwa na linaweza kukatika, na gesi moto inakurudia usoni. Fundi mwenye leseni ana vipimo viwili vya chuma: kimoja bolti lazima ifunge juu yake, kingine lazima ikatae. Ni kazi ya dakika tano. Kwa bunduki ambayo huijui historia yake, na hasa .303 za enzi ya vita, usifyatue kabla ya kipimo hiki. Ukishaanza kuitumia, okota maganda yako uyatazame: mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na kitako chake, au fataki (kile kiduara cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti) iliyochomoza, ni ishara ya kusimama na kurudi kwa fundi.

Darubini sasa. Kwa mita 60 za miombo, macho ya kijana na shabaha za chuma zinatosha, na nadhani mwaka wa kwanza ungeumaliza bila darubini ungejifunza kusogea karibu, kitu ambacho darubini humnyima mtu. Lakini siku ya mawingu, jioni, darubini inakuonyesha kijiti kilichopita mbele ya bega la mnyama, na kijiti cha unene wa kidole kinatosha kuipindisha risasi. Ukiamua kununua, chukua ya ukubwa wa mara 4 isiyobadilika, au ya 2 hadi 7. Zile za mara 16 ni za kutazamia mwezi. Fedha iende zaidi kwenye vishikizo: darubini nyingi zinazolaumiwa hazina kosa, ni skrubu zilizofungwa zikiwa na mafuta zikalegea. Futa skrubu na matundu kwa spiriti, kisha kaza. Jicho likae walau sentimita 8 nyuma ya kioo, la sivyo utakuwa na alama ya mwezi mwandamo kwenye nyusi.

Kwenye milioni 4 yako, mimi ningeziweka milioni 2 na kidogo kwenye bunduki yenyewe na si zaidi, hata ukiipenda vipi. Kiasi kinachobaki kigawe kwa ada za leseni zote mbili, fundi, sanduku la chuma la kufungia (risasi zikae kwenye sanduku lingine, funguo ziwe kwako, si juu ya kabati ambapo kila mtoto anapajua), na risasi. Darubini ije mwisho, msimu ujao wa korosho kama haikutosha. Risasi 60 za mwaka wa kwanza ni muhimu kuliko darubini. Zinunue kwa awamu kadiri leseni inavyoruhusu, zote za aina moja na uzito mmoja, za kichwa laini. Zile zilizofunikwa shaba mpaka nchani za kijeshi hazichanui. Zinapita kama sindano, mnyama anaenda kufa mbali. Nyingine za zamani fataki yake huacha chumvi ndani ya mtutu, ambayo mafuta hayaiondoi. Maji ya moto ndiyo yanayoiondoa, kisha kukausha.

Pa kupigia mazoezi muulize OCD. Si shambani kwako. Anza mita 25, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, mtutu wenyewe usiguse kitu. Ukiwa na darubini, risasi ikitua sentimita 2 chini ya alama kwa mita 25, itakuwa karibu kabisa na alama kwa mita 100. Darubini nyingi kila mbonyezo ni milimita 7 kwa mita 100, yaani chini kidogo ya milimita 2 kwa mita 25. Kwa hiyo ukiwa umekosea sentimita 3, ni mibonyezo kama 17. Watu hubonyeza minne wakishangaa mbona haisogei. Nenda mita 100 uhakikishe. Risasi tano zikiingia ndani ya sentimita 8, bunduki imeshafanya kazi yake, acha kuisumbua. Ikiwa sawa mita 100, kwa mita 200 itashuka kama sentimita 10 hadi 12, lakini huna sababu ya kupiga huko.

Risasi 20 zikishaishia hapo, 40 zilizobaki zipige bila mfuko: umekaa, umepiga goti, umeegemea mti. Weka kisahani cha chai mita 60. Umbali ambao unakigonga mara tisa kati ya kumi ndio umbali wako, hata kama ni mita 45. Mwambie mwenzako akupakilie, mara risasi ya kweli, mara ya bandia, usijue ipi. Kwenye ya bandia mtutu ukichovya chini, ule ugonjwa wa kuogopa teke umeshaanza. Rudi kufyatua bunduki tupu nyumbani, mara ishirini kila jioni, hadi shabaha itulie.

Mnyama akipigwa, usimkimbilie. Najua Waislamu wengi huku wanataka kuwahi kuchinja, na hukumu ya hilo mwulize sheikh wako mapema ili usibabaike porini, lakini pongo aliyejeruhiwa ana pembe fupi zenye ncha na anarudi kwa mtu. Weka alama uliposimama, weka alama alipokuwa yeye, subiri kama robo saa. Damu nyekundu nyepesi yenye povu ni ya mapafu, hayuko mbali. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu, umepiga tumbo. Subiri saa moja au zaidi, kisha mfuate pole pole.

Na kwa kuwa mvua za huku zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, bunduki usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa sponji. Mfuko unanyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya bunduki, si ya nazi wala ya kupikia, ambayo huganda na kufanya bolti ikwame. Kidogo tu, na risasi zisiguswe nayo, mafuta yakipenya kwenye fataki risasi inakufa kimya. Mara moja kwa mwezi fungua sanduku uangalie upande wa chini wa mtutu, pale chuma kinapokutana na mbao. Kutu huanzia hapo.

OCD akishakuambia hatua inayofuata ni kutafuta silaha, ombeni wewe na familia ya mzee mkutane kituoni na leseni ya marehemu mkononi, fundi awepo na vile vipimo vyake viwili. Bolti ikifunga juu ya kile cha kwanza na kukataa cha pili, sefti isipodanganya na mtutu usipokuwa na pete, lipia kwa risiti. Kimoja kikishindwa, iache hapo hapo kituoni uanze kutafuta nyingine. Msimu wa uwindaji unarudi kila mwaka.